R.I.P.D.: Kwa nini filamu yenye kila kitu ilituacha mikono mitupu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mpenzi wa komiki tangu shule ya msingi, na filamu zinazotokana nazo huwa sizikosi. Juzi nimerudia kutazama R.I.P.D. ya 2013, ile ya polisi marehemu, nikidhani labda mara ya kwanza sikuielewa. Imenichosha vilevile. Ina Jeff Bridges, ina Ryan Reynolds, ina Kevin Bacon, pesa imemwagwa, na wazo lenyewe ni tamu. Lakini sikucheka, na mapigano yalipoanza nikajikuta nachezea simu. Rafiki yangu mmoja anasema ni kwa sababu wameiga Men in Black. Mwingine anasema hawakuifuata komiki. Wewe unasemaje? Na ile ya pili ya 2022, niitafute?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na asante kwa kuuliza. Kazi yangu ni kusoma skripti na kuzisahihisha, na R.I.P.D. ni filamu ninayoitaja sana nikiwa na waandishi wachanga, kwa sababu kosa lake linaonekana waziwazi kuliko la filamu nyingi zilizoboronga. Rafiki zako wote wawili wamegusa jambo la kweli, ila hakuna aliyefika penyewe. Kwa maoni yangu filamu hii ilianguka kwa sababu ndani yake karibu hakuna mtu mwenye kitu cha kupoteza. Filamu ya vichekesho na mapigano inaishi kwa hilo tu. Tunacheka mtu anapojaribu kulinda heshima yake ikamponyoka, na tunaogopa anapokaribia kupoteza uhai wake au mpendwa wake. Ukiliondoa hilo, unabaki na kelele na rangi nyingi kwenye kioo.

Tukumbushane hadithi kwa faida ya ambao hawajaiona. Nick Walker (Reynolds) ni polisi wa Boston. Yeye na mwenzake Bobby Hayes (Bacon) wamekuta dhahabu kwenye msako, wakajichukulia badala ya kuikabidhi. Nick dhamiri inamsuta, anataka kuirudisha. Hayes anampiga risasi katikati ya uvamizi wa ghala, na kifo kinaonekana kama ajali ya kazi. Huko juu Nick anapewa kuchagua: akahukumiwe, au atumikie miaka 100 katika idara ya polisi marehemu (Rest in Peace Department, ndiyo hiyo R.I.P.D.), ambao kazi yao ni kuwasaka wafu waliokwepa hukumu wakabaki duniani wakijifanya watu walio hai wenye afya zao. Wafu hao filamu inawaita deado. Nick anachagua kazi, na anakabidhiwa kwa Roy Pulsipher (Bridges), askari wa magharibi ya Marekani wa enzi za farasi na bastola, karne ya 19.

Wazo hilo ni zuri kweli, na ninataka kulitetea kabla sijaanza kulaumu. Tazama tena dakika ile Nick anapokufa. Anaanguka, kisha anasimama, na ulimwengu wote umeganda. Moto wa mlipuko umesimama hewani, polisi na majambazi wamekauka kama sanamu, na yeye peke yake anatembea katikati yao akijaribu kuelewa, mpaka anga linafunguka na kumvuta juu. Hakuna utani hapo wala maneno mengi. Unamwona mtu akitambua kwamba yamekwisha. Kila ninapoifikia sehemu ile naamini kwamba kulikuwa na filamu nzuri humo ndani. Mwongozaji, Robert Schwentke, alikuwa na jicho la kutosha kuiona. Ni bahati mbaya kwamba kinachofuata hakiikumbuki tena dakika ile.

Sasa nianze na rafiki wa pili, wa komiki. R.I.P.D. ya karatasi iliandikwa na Peter M. Lenkov ikachapishwa na Dark Horse, sehemu 4 tu. Ni kweli filamu iliibadilisha, tena kwa kiasi kikubwa. Lakini kubadilisha komiki hakujawahi kuwa dhambi yenyewe. The Mask nayo ilitoka Dark Horse, na kwenye kurasa zake ilikuwa hadithi ya damu na mauaji: anayevaa kinyago anageuka muuaji anayecheka. Chuck Russell alipoileta kwenye sinema mwaka 1994 akaigeuza kuwa sarakasi ya Jim Carrey, na filamu iliyogharimu dola zisizofika milioni 25 ikaingiza zaidi ya milioni 350. Men in Black ya Lowell Cunningham, ya mwaka 1990, nayo ilikuwa nzito na yenye giza kuliko filamu ya Barry Sonnenfeld ya 1997. Na Schwentke huyuhuyu alikuwa ametoka kufanya kazi ya aina hiyo: RED ya 2010 ilitokana na komiki fupi na kali ya Warren Ellis na Cully Hamner, akaifanya hadithi ya majasusi wastaafu wanaokataa kuzeeka kimyakimya, watu wakajaa kwenye kumbi. Kwa hiyo huwezi kusema hakujua kugeuza komiki ya huzuni ikawa ya kuchekesha. Alijua, na alikuwa amethibitisha miaka 3 tu kabla.

Rafiki wa kwanza ana hoja yenye uzito zaidi. Mifupa ya R.I.P.D. ni ya Men in Black, ile filamu ya maajenti wa siri wanaowadhibiti viumbe kutoka sayari nyingine, na hakuna haja ya kupinga. Polisi kijana anaingizwa kwenye idara ya siri, anapewa mwenza mkongwe asiyempenda, kuna ofisi kubwa iliyofichwa, kuna viumbe waliovaa sura za watu, kuna silaha za ajabu. Lakini kuiga si tatizo likiigwa lililo la maana. Sonnenfeld mwenyewe alikuwa anatumia mtindo wa polisi wawili wasiopatana, mtindo uliokuwepo miaka mingi kabla yake. Waandishi wa R.I.P.D. walichukua ganda, wakakiacha kiini.

Angalia kile kifaa cha kufuta kumbukumbu katika Men in Black. Mara ya kwanza kinachekesha: mwanga unawaka, mtu anasahau kila kitu, kisha K, yule mwenza mkongwe, anamtungia uongo wa kujaza pengo. Mara ya pili na ya tatu bado kinachekesha. Katikati ya filamu kuna kipande kifupi sana ambacho watazamaji wengi hawakikumbuki: K amekaa mbele ya mtambo wa setilaiti akimtazama mwanamke aliyemwacha alipoingia kazini. Hasemi kitu. Kisha filamu inapofika mwisho, kifaa kilekile kilichotuchekesha ndicho K anachomkabidhi J, yule kijana, ili amfute yeye. Kumbe muda wote alikuwa anamwandaa mtu wa kuchukua nafasi yake. Utani umegeuka kuwa gharama, na gharama ile inaumiza kwa sababu tuliizoea kama utani. Hilo ndilo walilopaswa kuliiga.

Linganisha pia deado na adui wa filamu ile. Mdudu amevaa ngozi ya mkulima anayeitwa Edgar, na Vincent D'Onofrio anatembea kama mtu aliyeingizwa kwenye nguo iliyombana viungo vyote. Shingo inakataa kugeuka, mguu unavutwa nyuma ya mwenzake. Anamwomba mke wa marehemu maji yenye sukari, anataka iongezwe tena na tena, na yule mama anatetemeka huku akimimina. Unacheka na nywele zinasimama kwa wakati mmoja. Hiyo ni kazi ya mwigizaji na ya watu wa vipodozi, na ndiyo maana filamu ilipata Oscar ya vipodozi. Deado wa R.I.P.D. wanavimba kwa kompyuta. Sura inapanuka, mdomo unatanuka, mwili unakuwa mkubwa kama gari, kisha wanakimbia juu ya kuta. Eti wanafichuliwa na viungo vya chakula cha Kihindi, utani ambao ukishauona mara moja umeuona wote. Hawana uzito. Wakianguka husikii mwili ukigonga ardhi.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe. Sote tuliokua tukitazama filamu tunajua kanuni ya zamani: stelingi hafi. Tunajua hafi, na bado tunaogopa, kwa sababu anavuja damu, anachoka, anavunjika mbavu, na anaweza kufiwa na mwenzake. Katika R.I.P.D. stelingi amekwisha kufa kabla hadithi haijapata moto. Anarushwa kutoka juu, anagongwa, anabamizwa ukutani, kisha anainuka na kuendelea na maneno yake. Zipo risasi maalumu zinazoweza kumfuta mfu moja kwa moja, lakini hofu ya risasi hizo haijengwi kwa Nick na Roy hata kidogo. Ndiyo maana ulichukua simu yako mapigano yalipoanza. Hukuwa mvivu wa kutazama. Akili yako ilikuwa imeshapiga hesabu kwamba pale hakuna hatari.

Naamini waandishi walihisi upungufu huo, kwa sababu walijaribu kuuziba kwa kuikuza hatari. Dhahabu inageuka kuwa vipande vya mtambo wa kale utakaogeuza njia ya wafu ili wamwagike duniani, na Boston yote iko hatarini. Mambo hayaendi hivyo. Hatari ya dunia nzima haiwezi kujaza pengo la hatari ya mtu mmoja tunayemjali. Nasoma skripti nyingi zenye kosa hili, na karibu zote zinaponyeka kwa kupunguza, si kwa kuongeza.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mtu mmoja wa kumjali alikuwepo. Nick ana mke, Julia, anayeigizwa na Stephanie Szostak. Na filamu ilikuwa na kanuni nzuri kuliko zote mkononi: polisi hawa wakirudi duniani, walio hai hawawaoni kwa sura zao. Roy anaonekana kama mwanamke mrembo mwenye nywele za kimanjano, ambaye ni mwanamitindo Marisa Miller. Nick anaonekana kama mzee wa Kichina, anayeigizwa na James Hong, na bastola yake mkononi inaonekana kama ndizi. Nick anapomwendea mkewe aliyefiwa juzi tu, sisi tunaona mume anayelia, naye mke anaona mzee asiyemjua anayemsogelea.

Fikiria ukali wa hali hiyo. Mwanamume anataka kusema maneno mawili tu, kwamba alimpenda na kwamba mwuaji ni Hayes, na kila akifungua mdomo anamtisha mtu yuleyule anayetaka kumfariji. Hapo kuna kicheko na kilio kwa pamoja, na kuna hatari pia, maana Hayes anaendelea kuingia na kutoka nyumbani mwa mjane akijifanya rafiki wa familia. Ningekuwa mezani na waandishi ningewaambia filamu yenu ni hii, vingine vyote vikate. Wao walipafikia, wakagusa kidogo, wakakimbilia kufukuzana na deado mwingine. Sura ya mzee na ya mrembo ikawa mchezo wa kurudiarudia: wanaume wanamgeukia Roy barabarani, kamera inaonyesha alivyo na anavyoonekana, tunaendelea. Haibadilishi uamuzi wa mtu yeyote.

Haki yao niwape. Mwishoni Julia anapochomwa kwa silaha yenye ncha na kukaribia kufa, anamwona Nick kwa sura yake halisi, na wanaagana. Kanuni imelipa. Lakini malipo yale hayakutafutiwa. Muda mwingi uliotangulia Julia hakupewa nafasi ya kuwa zaidi ya picha ya mke, kwa hiyo tunaona machozi ya watu wawili tusiowajua. Na filamu haivumilii hata huzuni hiyo ndogo: muda si mrefu Nick anapewa sura mpya ya kuonekana nayo duniani, ya msichana mdogo wa skauti, ili tucheke. Mimi sikucheka. Nilitaka kukaa na yule mwanamume kidogo zaidi.

Ukitaka kuona jambo hilohilo likifanywa sawasawa, huna haja ya kwenda mbali, kwa sababu lilifanywa na Reynolds mwenyewe. Deadpool ya 2016 pia ni ya komiki, pia ni vichekesho na mapigano, na shujaa wake pia hafi kirahisi kwa kuwa mwili wake unajiponya. Kwa hesabu ya haraka ilipaswa kufa ugonjwa uleule. Haikufa. Wade Wilson anajiponya, lakini anaumia. Anapiga ngumi mwili wa chuma wa Colossus, mikono inavunjika, anapiga teke, mguu unavunjika, na tunacheka kwa sababu maumivu yapo usoni na sautini. Anajikata mkono ili atoke kwenye pingu. Na juu ya yote, sura yake imeharibika, akashindwa kujitokeza mbele ya Vanessa, mwanamke anayempenda. Anamfuata kwa mbali barabarani na kugeuka. Ona basi: mwigizaji yuleyule, mwanamume asiyeweza kuonekana na mpenzi wake kwa sura aliyokuwa nayo. Katika R.I.P.D. hilo ni utani wa pembeni. Katika Deadpool ndilo linalosukuma kila kitu, hata matusi. Bajeti yake ilikuwa dola milioni 58, chini ya nusu ya ile ya R.I.P.D., na iliingiza zaidi ya milioni 750.

Kuna na suala la nani alipewa kazi gani. Kipaji cha Reynolds ni ulimi. Ana kasi, anaweza kurundika maneno matatu ya kejeli ndani ya pumzi moja, na chini yake ukahisi mtu mwenye hofu. R.I.P.D. inamnyamazisha. Yeye ndiye wa kushangaa na kuhuzunika, na maneno yote anapewa Bridges, ambaye kwa upande wake nguvu yake ni utulivu. Bridges alikuwa ametoka kuigiza askari mzee mwenye jicho moja katika True Grit ya 2010, akateuliwa kuwania Oscar, na hapa anaitumia sauti ileile ya kusaga maneno kooni, ila sasa bila kupumzika. Matokeo yake mwenye kasi amekaa kimya na mwenye utulivu anaropoka. Katika Men in Black Tommy Lee Jones hakuhitaji kusema kitu cha kuchekesha. Alihitaji tu asitikisike wakati Will Smith anatikisika. Utani wa watu wawili unahitaji mmoja wao awe ukuta.

Kuhusu pesa nitasema machache, maana pesa haikuharibu filamu, ilifanya tu anguko lisikike zaidi. Gharama ilikuwa dola milioni 130 au zaidi, na kwa dunia nzima ikakusanya takriban milioni 78. Ilitoka Marekani tarehe 19 Julai 2013, ikashika nafasi ya 7 wikiendi ya kwanza kwa karibu milioni 12.7. Siku hiyohiyo ilitoka The Conjuring ya James Wan, filamu ya kutisha ya milioni 20 tu, ikaongoza kwa zaidi ya milioni 40. Siku hiyohiyo pia ilitoka RED 2, mwendelezo wa filamu ambayo Schwentke aliiacha ikaongozwa na Dean Parisot. Na siku mbili kabla ilikuwa imeingia Turbo, filamu ya vibonzo ambayo sauti ya konokono wake ni ya Reynolds. Mwongozaji na mwigizaji mkuu wote walikuwa wakishindana na kazi zao wenyewe. Lakini The Conjuring inajibu swali lako vizuri kuliko hesabu yoyote: familia moja, nyumba moja, na mtazamaji anamwogopea kila mtoto anaposhuka kitandani.

Sasa ile ya pili. R.I.P.D. 2: Rise of the Damned haina Reynolds wala Bridges, na haikupitia sinema, ilitolewa moja kwa moja kwa ajili ya kutazamwa nyumbani. Inarudi nyuma hadi enzi za Roy mwenyewe, akiigizwa na Jeffrey Donovan. Usitegemee ukubwa wa ile ya kwanza. Lakini uamuzi wa kumfuata Roy nauunga mkono kabisa. Katika filamu ya 2013 Roy anarudia mara kwa mara jinsi mwili wake ulivyoliwa na mbwa mwitu baada ya kufa, akiwa anaangalia. Imewekwa kama kichekesho, na Nick anachoka kuisikia. Mimi naiona ndiyo maumivu pekee ya kweli yaliyobaki humo: mtu aliyekosa kaburi, asiyeweza kuacha kulisimulia, na hakuna anayemsikiliza mpaka mwisho. Roy alistahili filamu yake.

Kwa hiyo itafute ukiwa na nafasi, kwa matarajio ya wastani. Ila kwa kuwa wewe ni mtu wa komiki, ningeanza na zile sehemu 4 za Lenkov kama hujazisoma. Ni fupi, utazimaliza kwa kikao kimoja, na utajua wazo lenyewe lilivyokuwa kabla halijavalishwa milioni 130.